Japani ilivyochorwa na wasioifahamu

Mwaka 1669 kitabu kinene kuhusu Japani kilitoka mjini Amsterdam, Uholanzi, kikiwa na picha nyingi za majumba, mahekalu na sanamu za miungu. Kilipata wasomaji Ulaya na kutafsiriwa katika lugha nyingine. Lakini mwandishi wake, Arnoldus Montanus, hakuwahi kukanyaga Japani. Alitegemea taarifa za wafanyabiashara na wajumbe wa Kiholanzi, na palipopungua, wachoraji walijazia kwa kubuni.

Picha za aina hiyo leo zinatunzwa Kyoto, katika Nichibunken, kituo cha kimataifa cha utafiti wa utamaduni wa Japani kilichoanzishwa mwaka 1987. Kituo hicho hukusanya vitabu vya kigeni kuhusu nchi hiyo na kuweka michoro na picha zilizomo kwenye intaneti.

Kwa nini Wajapani watunze hata picha zenye makosa? Kwa sababu kosa nalo ni ushahidi. Linaonyesha mnunuzi wa mbali alitaka kuona nini.

Ushahidi huo uko wazi zaidi Yokohama, bandari iliyofunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka 1859. Mpiga picha Felice Beato alifika huko mwaka 1863 na kufungua studio. Picha zake zilipakwa rangi kwa mkono na wasanii wa Kijapani, kisha zikauzwa kwa wageni zikiwa kwenye albamu. Wengine wakaifuata biashara hiyo.

Mwaka 1872 treni ilianza safari kati ya Tokyo na Yokohama. Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku raia kubeba panga hadharani. Hata hivyo, studio ziliendelea kuwavisha watu mavazi ya samurai na kuwapiga picha. Mgeni alikuja akimtafuta samurai, akauziwa samurai.

Afrika Mashariki nayo ilipata kununua picha kutoka Japani, ila kwa utaratibu mwingine. Katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga za soko letu, na wafanyabiashara wa pwani ndio waliopeleka michoro na maneno. Kiwanda kilikuwa mbali, lakini aliyeagiza alimjua mvaaji.

Montanus hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka na mzigo, hapo ndipo penye somo: soko usilolijua, waulize wenyeji kabla hujachapa nembo.