Mkongo amefika au umefika?

Tanzania huuita mtandao wake mkuu wa nyuzi za kioo Mkongo wa Taifa. Msomaji wa Bibokoboko, milimani juu ya Baraka, Fizi, anaweza kumwona mtu kwanza: Mkongo, raia wa Kongo. Kinachotofautisha ni ngeli. Mkongo amefika, huyo ni mtu, wingi Wakongo. Mkongo umefika, hiyo ni kebo, wingi mikongo.

Ngeli hata hivyo haielezi kebo hiyo hubeba nini. Waya wa shaba wa simu ya mezani ulileta sauti pamoja na umeme wa kuiendesha simu yenyewe. Uzi wa kioo hupitisha mwanga tu. Ndiyo maana mkongo huweza kupanuliwa bila kuchimba mtaro mpya: mitambo ya miishoni hupitisha rangi zaidi za mwanga katika uzi uleule. Lakini rangi hizo hazijazi betri. Mnara, ruta na simu hungoja umeme wa jua, jenereta au gridi.

Basi mfasiri anayewaandikia wanakijiji kwamba mkongo utaleta intaneti aongeze sentensi moja: chaji itatoka wapi. Bila hiyo, watasoma ahadi ambayo kebo haikuitoa.