Kupima kumbukumbu za wazee: suala la afya na suala la lugha

Miongoni mwa kazi ambazo wanafunzi wetu wa tafsiri huombwa kuzifanya ni kutafsiri hojaji za afya kutoka Kiingereza. Makala haya yanajadili aina moja ya hojaji hizo, yaani zile za kupima kumbukumbu na fikra za wazee. Humo kosa la mtafsiri huweza kumpa bibi wa mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Ugonjwa wenyewe huitwa dimenshia. Si usahaulifu wa kawaida wa uzeeni, bali ni kudhoofika kwa ubongo kunakomfanya mtu ashindwe kuendesha maisha yake: anapotea njia aliyoizoea, anasahau sufuria motoni, na baadaye hawatambui hata wanawe. Kipimo kimojawapo kilichoenea sana duniani kilitungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975, nacho kina alama 30. Mzee huambiwa atoe 7 katika 100, kisha aendelee kutoa 7; aandike sentensi; anakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Aidha, hurudia nahau ya Kiingereza iliyojengwa kwa viunganishi, ambayo ikitafsiriwa neno kwa neno haina maana yoyote kwetu. Ni dhahiri kwamba bibi ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa alikuwa msichana atapoteza alama nyingi hata kama akili yake ni timamu. Alinyimwa shule akiwa na miaka 7. Akiwa na miaka 75 ananyimwa alama kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo hili lilishughulikiwa karibu na sisi. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Baadaye kilitengenezwa kipimo kifupi cha vipengele sita, kiitwacho IDEA, kwa ajili ya watu wasiosoma. Mzee hapewi kalamu. Hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno kumi, hueleza daraja ni nini. Muuguzi wa zahanati isiyo na maabara anaweza kukitumia, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwani wazee wengi wa vijijini hawafiki kwa daktari bingwa.

Hata hivyo, kuondoa kalamu hakuondoi lugha. Tuchukue neno "daraja". Katika Kiswahili ni kivuko cha juu ya mto, lakini pia ni cheo au ngazi ya ufaulu. Mzee akijibu kwamba daraja ni cheo hajakosea hata kidogo. Au tuchukue "wanyama". Kiingereza hukubali kuku, samaki na nyuki wahesabiwe humo, ilhali katika matumizi yetu ya kawaida ndege ni ndege, samaki ni samaki, na mdudu si mnyama. Mzee anayeifahamu lugha yake vizuri atawaacha hao wote, na orodha yake itakuwa fupi. Kwa maoni yangu, maelekezo ya muulizaji na kanuni ya kutoa alama ndiyo yanayohitaji mtafsiri hodari kuliko hata swali lenyewe.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Huko Hai baadhi ya jamaa waliieleza hali hii kuwa ni ugonjwa wa uzee. Jina hilo lina huruma, lakini humfanya mzee abaki nyumbani. Kumbe kuchanganyikiwa kwa mzee huweza kutokana na malaria, upungufu wa maji mwilini, dawa anazotumia, huzuni ya muda mrefu au matatizo ya tezi, na mengi ya hayo hutibika akiwahi kituo cha afya.

Kwetu Uganda kuna tatizo la ziada. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi walimu tulifurahi. Lakini mzee wa Masaka au Mbarara huota ndoto zake kwa Kiganda au Kinyankore. Ukimpima kwa Kiswahili unapima Kiswahili chake. Hata Hai kwenyewe wazee wengi walilelewa kwa Kichaga. Hivyo mwanafunzi anayepewa kazi hii aulize kwanza mzee atahojiwa kwa lugha gani, kisha aijaribu tafsiri yake kwa wazee wachache walio wazima, hasa wasiosoma, na awaombe waeleze walivyolielewa kila swali. Kutafsiri upya kwenda Kiingereza, njia ambayo miradi mingi hutegemea, hakutamwonyesha tatizo la "daraja", kwa sababu neno litarudi lile lile.