Forester ya tabo mikononi mwa mnunuzi wa Sikonge (2): Oili, joto na mkanda

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini Subaru Forester yenye tabo, inayoshushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa imeshatumika Japani, inapendwa hapa Sikonge. Lami ya kutoka Tabora kwenda Mpanda inavutia mwendo, na njia za mchanga za kuingia vijijini zinadai gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Leo tufungue boneti, maana msimu wa malipo ya tumbaku ndio msimu wa madalali.

Matoleo mawili ndiyo yanayozungushwa zaidi sokoni: SG, lililoanza mwaka 2002, na SH, lililotoka mwishoni mwa 2007 hadi 2012. Yale yaliyouzwa Japani na injini ya tabo ya lita 2.0 yalifikia nguvu farasi 220 kwa SG na 230 kwa SH. Nguvu hiyo huletwa na tabo, feni ndogo inayosukumwa na moshi wa injini ili ishindilie hewa ndani ya silinda. Feni hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, tabo hufa, na mara nyingi injini hufuata.

Katika nyingi za injini hizi, bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo ina chujio dogo la wavu. Oili iliyokaa muda mrefu hulijaza masizi, tabo ikabaki kavu. Uchafu huohuo huzila bering za konrodi, ndipo injini inaponoki na fundi kusema lazima ishushwe. Kwa hiyo muulize muuzaji oili ilibadilishwa lini, ya aina gani, na risiti iko wapi. Kwa vumbi letu, kilomita 5,000 ndiyo mwisho.

Adui wa pili ni joto. Injini ya Subaru imelala, silinda zake zikitazamana pande mbili, na ikichemsha mara moja vibaya gasketi za silinda hedi huweza kuachia. Forester nyingi za SH hazina mshale wa joto kwenye dashibodi; zina taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemsha. Dereva akiiona nyekundu, huenda madhara yameshaanza. Chungulia chupa ya maji injini ikiwa inanguruma: mapovu yasiyoisha ni dalili ya gasketi kuvuja.

Tatu ni mkanda wa taimingi. Wapo wanaodai kwamba Forester za kuanzia mwishoni mwa 2010 zina cheni. Hilo ni kweli kwa injini mpya isiyo na tabo. Ya tabo iliendelea na mkanda hadi 2012. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kwa kuwa kilomita za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, usipoona ushahidi wa kubadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Tazama pia matairi. Mfumo wa kuvuta magurudumu yote unataka matairi manne yanayolingana. Mawili mapya na mawili yaliyoisha huchosha giaboksi na difu ya kati. Kata kona kali polepole. Gari likishikashika kama limefungwa breki, kuna kasoro.

Mnunuzi wa tumbaku halipi robota kabla jani halijapangiwa daraja. Nawe usitoe fedha kabla ya kulikagua gari alfajiri, injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha, rudi siku nyingine. Iwashe mwenyewe usikilize: mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni habari mbaya. Mvuke mweupe unaopotea upesi ni kawaida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kisha liendeshe hadi Tabora, kilomita zipatazo 70, ukiwa na fundi na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, atazame joto la maji njia nzima. Mkifika, pima tena oili.

Mwisho, usimalize fedha zote kwenye bei. Tenga za mkanda, pampu ya maji, oili, plagi na kusafisha bomba la tabo, na kazi hizo zifanywe kabla hujaanza safari za Mpanda. Asiye na akiba hiyo heri achukue Forester isiyo na tabo. Itamfikisha kulekule bila kumfilisi, na watoto watalipiwa ada.

Wiki ijayo: kadi ya gari, namba ya chasisi na kuhamisha umiliki TRA.