Nchi za Bara (3): Zambia na Njia za Baharini

Zambia ni nyanda za juu. Sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo hali ya hewa ni ya wastani ingawa nchi iko tropiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 752,000 na ushei. Inapakana na nchi nane, wala haina hata shubiri moja ya pwani. Mito haikunyimwa, ila Zambezi, pamoja na maporomoko yake ya Mosi-oa-Tunya, si njia ya meli.

Mpaka wa kaskazini una kisa. Mwaka 1890 Alfred Sharpe, kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, alimfuata Msiri huko Bunkeya, mtawala wa Katanga aliyekuwa na asili ya Unyamwezi. Msiri alikataa kutia sahihi mkataba wa kampuni hiyo. Mwaka uliofuata aliuawa na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ukanda wa shaba ukagawanyika: Katanga kwa Leopold, upande wa kusini, ulio ndani ya Zambia ya leo, kwa Rhodes.

Huko kusini shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi karibu na mwaka 1930, na miji kama Kitwe na Mufulira ikaota penye machimbo. Reli ilielekea kusini, kwa walowezi wa Rhodesia. Ndipo lilipolala tatizo. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka mmoja baadaye Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi hao, akajitangazia uhuru wa Rhodesia, na mlango mkuu wa Zambia ukabaki mikononi mwa hasimu. Petroli ikaanza kusafirishwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara mbaya kiasi cha kuitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kudai kwamba haitalipa.

Bahati haikuwa upande wa Rais Kaunda. Serikali ilikwisha kutwaa asilimia 51 ya migodi, na bei ya shaba ikaporomoka katikati ya miaka ya 1970, reli ikiwa ndiyo kwanza inakamilika. Madeni yakafuata. Migodi iliuzwa tena kwa kampuni binafsi kuanzia miaka ya 1990, na mwaka 2020 nchi ikashindwa kulipa wadai wake. TAZARA nayo hubeba sehemu ndogo tu ya mzigo uliokusudiwa. Shaba nyingi inayoelekea Dar es Salaam hupita juu ya malori, yanayopanga foleni mpakani Nakonde na Tunduma.