Fulana ya Bendi na Dhamiri ya Shabiki

Fulana iliyochapishwa jina la bendi ni vazi la aina yake, kwa kuwa anayeinunua halipii kitambaa peke yake bali hulipia pia nafasi ya kutangaza mbele ya watu kwamba yeye ni mfuasi wa muziki fulani, na tangazo hilo ndilo linaloifanya fulana hiyo iuzwe kwa bei mara kadhaa ya fulana isiyo na maandishi. Bidhaa bandia, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ile inayobeba jina, nembo au picha ya msanii bila idhini yake wala ya aliyekabidhiwa haki zake, nayo ikauzwa kana kwamba idhini hiyo ipo. Sheria za nchi nyingi humwandama zaidi mtengenezaji na muuzaji wa bidhaa hizo, lakini maadili hayawezi kumwacha kando mnunuzi, hasa anapokuwa shabiki, yaani mtu anayedai kumpenda yule yule ambaye jina lake limechukuliwa bila ruhusa.

Biashara hii ya majina haikuanza kwa haki. Mwaka 1964, Beatles walipoivamia Marekani kwa umaarufu wao, haki za kutoa leseni za bidhaa zenye jina lao zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kampuni iliyoitwa Seltaeb, kwa mkataba ulioipa kampuni hiyo asilimia 90 ya mapato ya leseni na kuuachia upande wa bendi asilimia 10 tu, jambo lililozua ugomvi mpaka mgawanyo ukabadilishwa. Leseni ni ruhusa ya maandishi anayoitoa mwenye jina ili mwingine atengeneze na kuuza bidhaa zenye jina hilo, kwa malipo yaitwayo mrabaha. Katika miaka ya 1970 promota Bill Graham wa San Francisco alikuwa miongoni mwa walioigeuza fulana ya tamasha kuwa biashara kamili kupitia kampuni ya Winterland, na katika miaka hiyo hiyo Ramones, bendi ya New York ambayo albamu zake hazikununuliwa kwa wingi, ilitegemea fulana zenye nembo iliyochorwa na msanii Arturo Vega, ambaye mwenyewe alisafiri na bendi na kuziuza kwenye maonyesho.

Mfano wa Ramones unaeleza vizuri hali ya wanamuziki wengi wa leo, kwani usikilizaji wa muziki umehamia kwenye majukwaa ya mtandaoni ambayo malipo yake kwa wimbo unaopigwa mara moja ni sehemu ndogo ya senti ya dola. Tangu mwaka 2024, Spotify haiulipi kabisa wimbo ambao haujafikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa bendi ndogo inayosafiri kwa gari la kukodi, meza ya fulana iliyowekwa karibu na mlango wa ukumbi ndiyo inayolipa mafuta na malazi, na fulana moja iliyouzwa hapo yaweza kuiachia bendi fedha nyingi kuliko maelfu ya mara ambazo nyimbo zake husikilizwa mtandaoni.

Hata hivyo, fedha inayotolewa mezani hapo haifiki yote kwa msanii. Mtengenezaji wa fulana hulipwa kwanza, kisha kampuni yenye leseni ikiwa ipo, na katika kumbi nyingi za Ulaya na Marekani mwenye ukumbi naye hudai fungu lake, mara nyingi asilimia 20 au 25 ya mauzo, ingawa hakuchora wala hakushona chochote. Desturi hiyo ililalamikiwa sana na wasanii, hata mwaka 2022 chama cha wasanii cha Uingereza, Featured Artists Coalition, kikaanza kutangaza orodha ya kumbi zisizokata chochote, na mwaka 2023 kampuni kubwa ya maonyesho, Live Nation, ikaondoa tozo hiyo katika kumbi zake ndogo nchini Marekani. Yafaa shabiki ayajue haya, kwa sababu hoja kwamba kununua orijino ni kumlipa msanii ina ukweli wenye mipaka, na mipaka hiyo hutofautiana kutoka meza moja hadi nyingine.

Muuza bandia yeye husimama nje. Tamasha linapokwisha na umati unapomiminika barabarani, huwa amekwisha kupanga fulana zake kwa nusu ya bei ya ndani au chini ya hapo, akijua kwamba gharama yake ni kitambaa na wino tu, maana gharama ya kulifanya jina lipendwe imebebwa na wengine kwa miaka mingi. Kwa kuwa wauzaji wa namna hiyo hawana anwani wala majina yanayojulikana, wanasheria wa wanamuziki nchini Marekani walianza kuomba amri za mahakama dhidi ya watu wasiotajwa majina, kama ilivyofanyika katika shauri la Billy Joel huko Wisconsin mwaka 1980, ili fulana ziweze kukamatwa usiku huo huo wa onyesho.

Haki zinazovunjwa hapo ni za aina zaidi ya moja. Alama ya biashara hulinda jina na nembo ili mnunuzi ajue bidhaa imetoka kwa nani. Hakimiliki hulinda mchoro au picha kama kazi ya sanaa. Na haki ya taswira, ambayo haitambuliwi kwa namna moja katika nchi zote, humpa mtu mamlaka juu ya matumizi ya kibiashara ya sura yake. Tofauti hizi zilijitokeza katika kesi ya picha za Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 bila kuacha wosia, ambaye warithi wake huendesha haki zake kupitia kampuni iliyopewa jina la anwani ya nyumba yake mjini Kingston, yaani 56 Hope Road. Kampuni ya Marekani ya A.V.E.L.A. ilikuwa imejipatia picha za mwanamuziki huyo na kuruhusu zichapishwe kwenye fulana zilizouzwa madukani, lakini baraza la wazee wa mahakama mjini Las Vegas mwaka 2011, na baadaye mahakama ya rufaa mwaka 2015, waliwapa ushindi warithi, kwa kuwa kumiliki picha hakukuipa kampuni hiyo ruhusa ya kumfanya mnunuzi aamini kuwa familia imeidhinisha bidhaa.

Utetezi wa kwanza wa shabiki ni kwamba hakudanganywa, kwani alijua fika kuwa anachonunua ni feki. Utetezi huu uliwahi kupimwa katika mpira wa miguu, pale klabu ya Arsenal ilipomshitaki muuzaji aliyekuwa akiuza skafu na fulana nje ya uwanja wa Highbury tangu mwaka 1970, huku kibanda chake kikiwa na bango lililosema wazi kwamba bidhaa hizo si rasmi. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2002 kwamba bango hilo halikutosha, kwa sababu bidhaa ikishatoka kibandani bango halifuatani nayo, na atakayeiona mitaani ataichukulia kuwa imetoka kwa klabu. Kimaadili hoja hiyo inamgusa hata mnunuzi, maana yeye ndiye anayeibeba ile nembo mitaani, na ingawa hakudanganywa, anashiriki kuwadanganya wengine.

Utetezi wa pili una uzito zaidi, nao ni wa kipato. Fulana rasmi ya ziara ya bendi kubwa huuzwa Ulaya na Marekani kwa dola 40 au zaidi, kiasi ambacho kwa kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala chaweza kuwa chakula cha familia cha siku nyingi, na juu yake kuna gharama ya kusafirisha na ushuru wa forodha. Kijana huyo husema kwamba asingeinunua orijino kwa hali yoyote, kwa hiyo msanii hakupoteza mauzo yoyote kwa yeye kununua bandia ya sokoni. Hesabu yake ni sahihi kwa upande wa hasara, lakini inasahau upande wa faida, kwani fedha aliyoitoa, hata iwe ndogo, imemlipa mtu ambaye hakutunga, hakupiga wala hakuimba, na imempa sababu ya kuchapisha nyingine mia ambazo baadhi yake zitanunuliwa na wale ambao wangeweza kumlipa msanii. Umaskini unapunguza lawama ya mnunuzi kwa kiasi kikubwa, ila hauugeuzi ununuzi huo kuwa tendo la kumuunga mkono msanii.

Utetezi wa tatu husema kwamba msanii mwenyewe ni tajiri au amekwisha kufa, na kwamba hata bidhaa rasmi hazina usafi wa kujivunia. Ni kweli kwamba madhara hayalingani: fulana moja bandia ya bendi inayojaza viwanja vya mpira haipunguzi kitu kinachohisika, ilhali fulana kumi bandia za bendi inayopiga mbele ya watu mia mbili zaweza kuondoa pato la usiku mzima. Ni kweli pia kwamba neno rasmi si ushahidi wa haki kwa mshonaji, kwani jengo la Rana Plaza lililoporomoka karibu na Dhaka mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100 lilikuwa na viwanda vilivyoshona nguo za kampuni zenye majina makubwa. Lakini dhuluma ya mshonaji haiondolewi kwa kununua bandia, ambayo haina hata kampuni inayoweza kuulizwa imeshonwa wapi na kwa ujira gani.

Ugumu halisi wa suala hili hujitokeza linapowekwa kando ya mitumba. Katika marobota yanayofunguliwa Gikomba jijini Nairobi, Karume jijini Dar es Salaam au Owino jijini Kampala, hupatikana fulana halisi za ziara za bendi za Ulaya na Marekani, na anayeinunua moja kwa shilingi chache hampi msanii hata senti, sawasawa na anayenunua bandia. Kama kosa la bandia lingekuwa tu kwamba msanii hakulipwa na mnunuzi huyu, basi mtumba nao ungekuwa kosa, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu anayelidai. Tofauti ni kwamba fulana ya mtumba ilikwisha kulipiwa mara moja, na kwa kanuni ya sheria inayojulikana kama kumalizika kwa haki, mwenye alama akishauza bidhaa yake kwa kawaida hana tena neno juu ya mauzo yanayofuata. Nembo iliyo juu yake inasema kweli, kuwa bendi iliridhia fulana hiyo ichapishwe, lakini ile ya bandia inasema uongo, na uongo huo ndio unaouzwa, kwa kuwa bila nembo hakuna ambaye angeinunua kwa bei hiyo.

Kutokana na tofauti hiyo, shabiki asiye na uwezo anaona kwamba njia ya haki haikufungwa kwake. Anaweza kununua mtumba, anaweza kujichorea fulana yake mwenyewe kwa mkono bila kuiuza, anaweza kulipa tiketi ya onyesho dogo la mtaani, au anaweza kupenda muziki bila kuvaa chochote. Bendi ya Fugazi ya jijini Washington ilikataa kabisa kuuza fulana, na wachapishaji wakatoa za kwao zilizoandikwa kwamba hiyo si fulana ya Fugazi, mzaha ulioonyesha jinsi tamaa ya kuvaa jina inavyoweza kumpita hata mwenye jina. Shabiki aliyeheshimu msimamo wa bendi hiyo alikuwa mfuasi wake zaidi kuliko aliyevaa maandishi hayo kifuani.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, na nchini Tanzania Tume ya Ushindani huzikamata na kuziteketeza bidhaa hizo kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na lengo kuu la sheria zote mbili ni wafanyabiashara. Italia imekwenda mbali zaidi kwa kumtoza mnunuzi mwenyewe faini inayoweza kufika euro 7,000, na Ufaransa huhesabu hata kumiliki bidhaa bandia kuwa kosa la forodha. Adhabu za namna hiyo zina ukali usiolingana na kosa la mtu aliyenunua fulana moja, na zikihamishiwa Afrika Mashariki zingemwangukia mnyonge kabla ya mwagizaji wa makontena, hivyo ni afadhali suala la mnunuzi liachiwe dhamiri yake.

Dhamiri hiyo haihitaji kipimo kigumu. Kabla ya kutoa fedha, shabiki na ajiulize kama anayelipwa ana uhusiano wowote na muziki anaoupenda, kama msanii huyo ni mdogo kiasi cha kuumia, na kama kuna njia nyingine iliyo ndani ya uwezo wake. Atakayejiuliza hivyo ataona kwamba bandia ya bendi tajiri ni kosa dogo na bandia ya bendi changa ni kosa kubwa, lakini katika hali zote mbili, anayevaa fulana hiyo atakuwa amemlipa aliyelichukua jina la msanii bila ruhusa, na hawezi kuuhesabu ununuzi huo kuwa mapenzi.