Bata wa Bandia na Vyombo vya Mwindaji Mpya

Huko Marekani, mtu aanzaye kuwinda bata wa mwitu hushawishika upesi kununua sanamu za bata kwa makumi. Hana haja. Katika ziwa dogo sanamu 12 zatosha, mradi zifanane na bata wa mahali pale na zipangwe vema. Bata hutua akiukabili upepo. Basi mwindaji huketi upepo ukimpiga mgongoni, na katikati ya sanamu huacha maji wazi, ili bata wapitao angani waone pa kutua.

Hila hii ni ya kale sana: mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, zilichimbuliwa sanamu za bata zilizosukwa kwa matete yapata miaka 2,000 iliyopita, nyingine zimevikwa manyoya halisi.

Fedha iliyobaki na inunue viatu virefu vya mpira, maana maji ya baridi huweza kuua, na marisau ya chuma. Yale ya risasi yamekatazwa nchini kote kwa ndege wa majini tangu mwaka 1991, kwa kuwa bata waliyameza matopeni wakidhani ni changarawe, wakafa kwa sumu. Lakini chuma ni chepesi, hupoteza nguvu mapema. Bata aliye mbali kupita yadi 35 mwindaji mpya amwache aende zake.