Mfupa haumtoshi mbwa wako, muongezee boga na maharage

Kuanzia Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, hadi Muyinga, jirani na mpaka wa Kobero unaotuunganisha na Tanzania, mbwa wengi wanaolinda nyumba hula kilichobaki kwenye sufuria: ugali wa muhogo, maharage, viazi vitamu, na mfupa siku nyama inapopatikana. Mwenye mbwa huuliza kama ameshiba. Ni wachache wanaotazama kinyesi chake, ilhali humo ndimo afya ya tumbo inamoonekana.

Mbwa anayejikamua kwa muda mrefu bila kupata choo, au anayeharisha mara kwa mara, huenda anapungukiwa au amezidishiwa nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo lake haliwezi kuisaga. Nyuzinyuzi ziko za aina mbili. Zile zinazolainika majini, kama za boga na maharage, huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Zile zisizolainika, kama za mboga za majani na pumba, huongeza ujazo wa kinyesi na kukisukuma.

Habari njema ni kwamba dawa iko shambani. Kwa mbwa wa kilo 15 hivi, anza na kijiko kimoja au viwili vya mezani vya boga lililochemshwa, uchanganye na chakula chake. Maharage yalowekwe, yapikwe hadi yaive kabisa, apewe kidogo ili tumbo lisijae gesi. Lengalenga ichemshwe bila chumvi. Ongeza siku baada ya siku, na maji safi yasikosekane, kwani nyuzinyuzi bila maji huzidisha ukavu wa choo.

Hata hivyo, kuna mambo ya kuepuka. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, na unga wake hukausha kinyesi kikawa kama jiwe. Mboga iliyoungwa kwa vitunguu ni sumu kwa mbwa, kwa sababu vitunguu huharibu damu yake. Maganda na mizizi mibichi ya muhogo mchungu nayo ina sumu.

Tena, nyuzinyuzi si mbadala wa nyama. Chakula kikavu cha mbwa kinachotengenezwa viwandani kwa kawaida huwa na kati ya asilimia 2 na 5 tu ya nyuzinyuzi. Zikizidi, mbwa hushiba upesi na kukonda. Ndagala kidogo wasio na chumvi, au yai lililochemshwa, huziba pengo hilo.

Mbwa akimaliza siku mbili bila choo, akitapika, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje boga lifanye kazi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Anayekulinda usiku kucha hawezi kukuambia kwamba tumbo linamuuma.